Ubani, laban na banzin: neno moja limetembea mpaka wapi?

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Nimerudi Nairobi baada ya kufanya kazi za nyumbani huko Doha. Mama mwenye nyumba alikuwa akichoma kitu anachokiita luban, na harufu yake ilinikumbusha bibi yangu wa Mombasa, ambaye yeye alikiita ubani. Sasa naishi Eastleigh. Jirani yangu Msomali anauza vipande kama hivyo, lakini ana majina yake mwenyewe. Ngara nikanunua loban katika duka la Mhindi, nikaichoma, haikunukia kabisa kama ya bibi. Kanisani nako wanasema uvumba. Kaka yangu ameshikilia kwamba neno ubani limetoka Lebanoni, nchi ya mierezi. Je, ni kweli? Na majina haya yote ni neno moja, au ni sauti tu zimefanana?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako lina maswali matano ndani yake, na nimefurahi kwamba umeyauliza yote pamoja, kwa sababu hayatenganishiki. Nianze na la kaka yako.

Kaka yako amekaribia, ila ameukosea ukoo. Ubani na Lebanoni ni ndugu, lakini hakuna aliyemzaa mwenzake. Wote wawili wamezaliwa na weupe. Katika lugha za Kisemiti, yaani Kiarabu, Kiebrania na jamaa zao, maneno mengi hujengwa juu ya konsonanti tatu zinazobeba wazo, kisha irabu huzungushwa humo kupata maneno mbalimbali. Konsonanti l, b na n zinabeba wazo la weupe. Wewe mwenyewe umekwisha kuishi na neno mojawapo la ukoo huu: zile chupa za laban kwenye friji za Doha, yale maziwa yaliyoganda ambayo sisi tungeyaita mala. Laban ni maziwa, na maziwa ni meupe. Waebrania wana lavan, maana yake "nyeupe", na katika mashairi yao mwezi huitwa levana. Mlima Lebanoni ukapata jina lake, kwa kadiri wajuzi wengi wa lugha hizo wanavyoeleza, kutokana na theluji iliyokuwa ikifunika vilele vyake, ambavyo kirefu kuliko vyote kinapita mita 3,000. Na ubani ni luban kwa Kiarabu, levona kwa Kiebrania.

Kwa nini uitwe mweupe, wakati vipande alivyokuwa navyo bibi yako pengine vilikuwa vya manjano au vya rangi ya kahawia? Kwa sababu jina lilitolewa na watu waliousimamia mti, kabla vipande havijafika kwa mnunuzi. Mti wenyewe ni mfupi, wenye gome linalobanduka kama karatasi, na hupenda mahali pa mawe na ukame. Mvunaji hukwangua gome kwa kisu kifupi, na palipokwanguliwa hutoka utomvu unaofanana na maziwa. Anauacha. Siku zinapita, jua na hewa vinaukausha, matone yanakuwa magumu, na rangi inaanza kugeuka. Ndipo anarudi kuyabandua. Anayeuona utomvu ukichuruzika hahitaji kuelezwa kwa nini neno la ubani na neno la maziwa yamechangia mzizi.

Kuna sababu nyingine ya kumjibu kaka yako kwa uhakika: mti wa ubani hauoti Lebanoni. Mti unaojulikana zaidi, ambao wataalamu wa mimea wanauita Boswellia sacra, unaota Dhofar kusini mwa Oman, Yemeni na Somalia ya kaskazini. Lebanoni ni nchi ya mierezi, na mwerezi una harufu yake nzuri, lakini ni mti mwingine kabisa. Wagiriki ndio waliosaidia kuleta mkanganyiko huu. Walipolichukua neno kutoka kwa wafanyabiashara wa Kisemiti walilitamka libanos, na kwao mlima pia ni Libanos. Msomaji wa Kigiriki aliyeona neno hilo hilo kwa mlima na kwa utomvu angewezaje kudhani kwamba hayahusiani? Kaka yako amefuata njia ya watu wengi waliomtangulia.

Sasa tuje kwetu. Luban ilikujaje kuwa ubani, na l ikapotelea wapi? Kiswahili kimezoea kuiacha l ikidondoka katika maneno mengi, na hapa kulikuwa na kishawishi cha ziada: ilipodondoka, mwanzo wa neno ukabaki na u, na u hiyo ina kwao katika Kiswahili. Tuna unga, uji, ugali, uvumba. Neno likaingia katika ngeli hiyo bila kubisha hodi, na leo twasema "ubani huu", "ubani umekwisha", wala hakuna anayehisi ugeni. Shika jambo hili, kwamba msikilizaji wa kigeni alikata mwanzo wa neno kwa sababu ulifanana na kitu cha lugha yake. Huko mbele utaona watu wa bara jingine wakilikata neno hili hili, na matokeo yake yanashangaza zaidi.

Kutoka pwani likapanda bara. Waganda wanasema obubaane. Wakikuyu wana ũbani katika Biblia yao, na pembeni yake wana ũbumba, ambao bila shaka umekwisha kuutambua: ni ndugu wa uvumba wetu. Hapo ndipo penye jibu la swali lako la kanisani. Uvumba ni neno la Kibantu, la wenyeji, na ubani ni mgeni wa Kiarabu aliyekaribishwa. Katika matumizi, uvumba umebaki na maana pana zaidi: chochote kinachofukizwa kwa ajili ya moshi wake wenye harufu, uwe utomvu mmoja au mchanganyiko. Ubani ni utomvu fulani. Lakini wafasiri hawakulifuata hilo kila mara. Katika Biblia ya Union, iliyotoka mwaka 1952, mamajusi wanamletea mtoto Yesu "dhahabu na uvumba na manemane", ingawa neno la Kigiriki lililoko pale ni lile la ubani hasa. Kwa hiyo padri wako anayesema uvumba hajakosea, na bibi yako anayesema ubani hajakosea. Mara nyingi kilichomo ndani ya chetezo ni kile kile.

Ubani umepata maana moja kwetu ambayo sijaikuta kwa Wagiriki wala Walatini, na ningependa uitunze. Pwani, na zaidi Tanzania, "kutoa ubani" au "kupeleka mkono wa ubani" ni kumpa mfiwa fedha za kumsaidia katika msiba. Hapa Nairobi tumezoea kusema rambirambi, au mchango tu. Njia ya maana hiyo ni rahisi kuiona: nyumba yenye maiti hufukizwa, na anayekuja kuhani alikuja na cha kuchangia ufukizaji huo. Baadaye chetezo kikabaki kwa wenyewe, na jina la kitu kikahamia kwenye fedha. Mtu anaweza kutuma ubani kwa simu leo bila kuwaza moshi hata kidogo. Nalipenda neno hili kuliko rambirambi, kwa sababu linakumbusha kwamba mchango wa msiba ulikuwa kwanza kitu cha kumhudumia marehemu.

Jirani yako wa Eastleigh naye ana haki ya kuwa na majina mengi, maana kwao ndiko mti unakoota. Watu wakiishi na kitu hawatosheki na jina moja. Foox (hiyo x ya Kisomali hutamkwa kama h nzito ya kooni) ndilo jina la ubani kwa jumla. Beeyo ni ubani wa mti wa Boswellia sacra, au wa aina yake ya Kisomali ambayo wengine huiita Boswellia carterii. Maydi ni wa mti mwingine, Boswellia frereana, wenye vipande vikubwa vikubwa, na watu huutafuna pia. Ukimsikia akisema uunsi, hapo hazungumzii ubani mtupu: uunsi ni mchanganyiko unaopikwa kwa sukari, ubani na manukato mengine, na kila mama ana mkono wake. Chetezo chao ni dabqaad, neno lililounganishwa kutoka dab, moto, na qaad, kubeba. Nenda Eastleigh jioni, hasa kabla ya harusi, utaisikia harufu ya uunsi kabla hujaona duka.

Na usidhani kwamba Kenya ni mnunuzi tu katika hadithi hii. Wajir, Mandera, Marsabit, Isiolo na Samburu kuna miti ya jamii hiyo hiyo ya Boswellia, hasa Boswellia neglecta, na wafugaji huokota utomvu wake wakiwa malishoni na kuuza. Biashara yenyewe ni ya kale mno. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinataja ubani wa pwani ya Somalia, kisha kinaendelea na safari kusini mpaka Rhapta, kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Watu waliokuwa wakipakia ubani na watu waliokuwa wakipakia pembe za ndovu huku kwetu walikuwa kwenye njia moja ya pepo za msimu.

Sasa loban ya Ngara. Hapa ndipo nilipokuwa nataka kufika.

Neno ni lile lile. Luban ya Kiarabu ilipita katika Kiajemi ikaingia Kihindi na Kiurdu kama loban. Lakini pua yako haikukudanganya: kitu si kile kile. Kinachouzwa kwa jina la loban katika maduka mengi ya Kihindi ni utomvu wa mti mwingine, Styrax, unaotoka Sumatra huko Indonesia, na ndugu zake wanaota Laos. Ubani wa bibi yako una harufu kali kidogo, yenye uchachu wa ndimu na kitu kama msonobari. Utomvu wa Styrax ni mtamu, mzito, unakaribia vanila. Jina limehama kutoka mti mmoja kwenda mwingine, na aliyelihamisha ni mfanyabiashara wa Kiarabu.

Wafanyabiashara hao walipofika Sumatra wakakuta utomvu wenye harufu unaochomwa kama ubani. Wenyeji walikuwa na jina lao, kemenyan. Waarabu hawakulihitaji, waliuita luban jawi, yaani ubani wa Jawa, kwa kuwa kwao Jawa ilikuwa jina la visiwa vile kwa jumla, Sumatra ikiwemo. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco ambaye mwaka 1331 alipita Mombasa na Kilwa, alifika Sumatra miaka ya 1340 akakiita kisiwa hicho Jawa, akasema ubani wa jawi unapata jina lake hapo. Morocco mpaka leo utomvu huo huitwa jawi tu. Neno luban limeanguka, likabaki jina la mahali.

Wazungu wa Bahari ya Kati wao walifanya kinyume. Walinunua luban jawi kwa Waarabu, wakalisikia kwa masikio ya lugha zao, na katika lugha hizo lo au la mwanzoni mwa neno ni kiambishi kidogo kinachotangulia jina. Basi wakadhani lu- si sehemu ya neno, wakaikata. Kilichobaki ni banjawi. Wakatalani wakasema benjuí, Wafaransa benjoin, Waingereza benzoin. Umeona? Mswahili alidondosha herufi moja akapata ubani; Mkatalani alidondosha silabi nzima akapata benjuí. Maneno mawili yaliyotoka kinywa kimoja, na ukiyaweka leo mezani hakuna atakayekuamini.

Safari haikuishia hapo. Wakemia wa Ulaya waliupasha moto utomvu huo wakapata chembe nyeupe zinazong'aa, wakaziita asidi ya benzoiki, kwa kuwa zimetoka kwenye benzoin. Asidi hiyo unaijua, ingawa hujaitambulishwa: chumvi yake ni ile sodiamu benzoeti inayohifadhi soda na sosi ya nyanya zisiharibike. Soma maandishi madogo kwenye chupa, tafuta benzoate au E211. Hayo ni masalia ya luban jawi.

Mwaka 1825 Michael Faraday, huko London, alipata kimiminika chepesi kutoka kwenye mafuta yaliyobaki ya gesi ya taa. Hakukiita jina lililodumu. Mwaka 1833 Mjerumani Eilhard Mitscherlich alichukua asidi ya benzoiki, akaichanganya na chokaa, akaipasha moto, akapata kimiminika kile kile. Kwa kuwa yeye alikitoa kwenye benzoiki, akakiita Benzin. Mwenzake Justus von Liebig hakulipenda jina hilo, akapendekeza Benzol, na Wajerumani wakamfuata. Benzin ikabaki bila mwenyewe, na baadaye ikashikamana na mafuta mepesi yanayotolewa kwenye mafuta ghafi, yaliyokuwa yakiuzwa kwanza kwa ajili ya kusafishia madoa. Magari yalipotokea yakawa yanatumia mafuta hayo. Ndivyo Wajerumani walivyofika kusema Benzin, Waitaliano benzina, na Waarabu wenyewe, waliokuwa wametoa neno karne nyingi kabla, wakalipokea tena kutoka Ulaya kama banzin.

Kwa hiyo dereva wa nyumba ile ya Doha alipotoka kwenda kujaza banzin, na mama mwenye nyumba alipokuwa akichoma luban sebuleni, na chupa ya laban ilipokuwa kwenye friji, maneno matatu ya ukoo mmoja yalikuwa chini ya paa moja. Sisi tungekuwa nalo pia la banzin, lakini Waingereza walitufundisha petroli.

Kuna mtu atakwambia kwamba Benzin imetokana na Carl Benz, mtengenezaji wa magari, hasa hapa Kenya ambako tumekua tukiwaita wakubwa "wabenzi". Usikubali. Benz alizaliwa mwaka 1844, na Mitscherlich alikuwa amelitoa jina lake miaka 11 kabla. Benz alipata hataza ya gari lake mwaka 1886. Miaka miwili baadaye mkewe, Bertha, aliliendesha gari safari ndefu, na alipoishiwa mafuta alinunua mengine kwenye duka la dawa mjini Wiesloch, maana mafuta mepesi ya aina hiyo yaliuzwa huko. Majina yamegongana kwa bahati tu.

Ukitazama lugha nyingine, utaona kila watu walishika upande wao wa kitu hiki. Wamisri wa kale waliuita senetjer, neno walilolihusisha na mungu. Wajerumani husema Weihrauch, moshi mtakatifu. Neno la Kilatini linalotumika kanisani linatokana na kuwasha moto, na lile la Kifaransa la manukato, parfum, lina moshi ndani yake, kwa kuwa harufu nzuri ya kwanza watu waliyoijua nyumbani ilitoka kwenye makaa. Neno letu marashi limetoka kwenye kunyunyiza, ndiyo maana chupa ya kunyunyizia ni mrashi. Warusi ndio walioteleza: ladan yao imetokana na jina la utomvu mwingine kabisa, ladanum. Wasemiti peke yao walitazama rangi ya utomvu ukiwa bado mbichi kwenye gome, na hilo kwangu ni ushahidi kwamba waliolitoa neno walikuwa wavunaji, au waliishi jirani na wavunaji.

Basi ukitaka kupata harufu ya bibi yako, usiulize neno, uliza mti. Eastleigh muombe jirani yako beeyo. Ukiona jina "ubani maka" kwenye pakiti, usidhani mti umeota Makka. Naona ni jina la njia iliyoleta bidhaa, kama lile la Jawa. Chukua kipande kimoja, kivunje: wa kweli unavunjika kwa ukali kama kioo, na ndani ni mweupe zaidi au angavu zaidi kuliko nje. Loban ya Ngara usiitupe. Ichome peke yake siku nyingine, kwenye makaa yaliyokwisha kushika majivu ili isiungue haraka, dirisha likiwa wazi. Ni nzuri kwa namna yake, na watu wengi huchanganya kidogo na beeyo, sehemu ndogo ya loban kwa sehemu kubwa ya beeyo, harufu ikatulia. Kama jirani anakubali, muulize yeye hutia kiasi gani katika uunsi wake. Hilo mimi siwezi kukufundisha kwa maandishi.